Nani anakula jasho la nani: kuusoma ubepari na matabaka kupitia mkonge wa Tanga

Mwendesha kreni wa bandari ya Tanga anaweza kulipwa mshahara unaozidi kwa mbali faida ya mtu mwenye pikipiki tatu alizowapa vijana wa mtaa wa Makorora waendeshe. Ukiwapanga kwa kipato, wa kwanza yuko juu. Ukiwapanga kwa namna wanavyopata, mambo yanageuka. Mwendesha kreni akiachishwa kazi, mfereji umekauka. Mwenye pikipiki akishinda barazani kutwa nzima, jioni hesabu inaletwa. Nadharia zinazouhoji ubepari zinaanzia kwenye tofauti hii ya pili, na mkanganyiko mwingi katika mijadala yetu ya walalahoi, vigogo na "tabaka la kati" unatokana na kupima ile ya kwanza tu. Swali la tabaka ni hili: unaishi kwa kuuza nini, kwa nani, na nani akigoma kesho wewe hupati kitu?

Mkonge unalifafanua swali hili kuliko mfano wowote wa vitabuni, kwa sababu ndani yake mna kila kitu: ardhi, mtambo, kibarua, mwenye mali, serikali na mnunuzi wa ng'ambo. Na kila nadharia iliyowahi kuzuka kuhusu ubepari inaweza kupelekwa pale koronani, kwenye kiwanda cha kusindika majani ya mkonge, ikaulizwa inaeleza nini na inashindwa wapi.

Mche ulifika, mfanyakazi hakuwepo

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutoka hapo mashamba yakatapakaa Muheza, Korogwe na kandokando ya reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka huohuo. Mmea ulikubali upesi. Watu ndio waliokuwa shida. Mbondei, Mzigua, Msambaa na Mdigo wa wakati ule walikuwa na mihogo, ndizi, mahindi, nazi na samaki. Kwa nini mtu mwenye shamba lake aamke alfajiri kukata majani ya miiba kwa ajili ya mwingine?

Mwanafalsafa Mjerumani Karl Marx, katika juzuu ya kwanza ya Das Kapital iliyotoka mwaka 1867, alisema ubepari hauanzi na fedha wala mashine. Unaanza pale panapopatikana mtu aliye huru mara mbili: huru kwa kuwa si mtumwa wa mtu, na huru pia kwa kuwa hana ardhi wala chombo, amebaki na nguvu zake tu za kuuza. Kumpata mtu huyo ndiko alikokuita ulimbikizaji wa awali, na alisisitiza kwamba hapatikani kwa hiari.

Pwani na Usambara njia za kumpata mtu huyo zinajulikana. Mwaka 1895 amri ya kifalme ya Ujerumani ilitangaza ardhi isiyo na mwenyewe, kwa macho ya Wajerumani, kuwa mali ya dola. Mwaka 1898 ikaanza kodi ya nyumba, na wakulima ambao hawakuwa na haja kubwa ya sarafu wakalazimika kuitafuta. Usambara, mwaka 1907, zikaja kadi: mwanamume mwenye nguvu alitakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Chini ya Waingereza utaratibu wa kipande ulienea mashambani. Siku ya kazi iliyokamilika ilipata alama, isiyokamilika haikupata, na malipo yalisubiri kipande kijae siku 30. Mwaka 1944 waajiri wa mkonge walianzisha SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua kutoka mbali, Songea, Njombe na Kigoma. Hao ndio manamba. Kufikia miaka ya 1950 sekta hii ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya laki moja.

Wasomaji wengi hupotea hapa kwa kudhani ulimbikizaji wa awali ni sura iliyokwisha. Mwanamapinduzi Rosa Luxemburg alipinga wazo hilo mwaka 1913. Kwa hoja yake mtaji unahitaji daima maeneo na watu walio nje yake ili uendelee kukua, kwa hiyo unyang'anyi unatembea nao mwanzo hadi leo. Kipimo chake kinatumika kirahisi. Kila panapopimwa eneo la mradi mkubwa, usiangalie kiasi cha fidia peke yake. Angalia aliyelipwa ametoka na nini mkononi. Akitoka na shamba jingine, anabaki mkulima. Akitoka na noti ambazo zitaisha kabla ya masika mbili, amehamishwa tabaka, hata kama kiasi alicholipwa kilikuwa kizuri siku ya kulipwa.

Hesabu yenyewe

Jani la mkonge lina singa, yaani nyuzi, karibu asilimia 4 tu ya uzito wake. Ili kupata tani 1 ya singa kavu lazima zikatwe kama tani 25 za majani. Mkataji anapunguza miiba ya ncha, anakata kwa kisu kifupi, anafunga mizigo ya majani 30 na kuisogeza barabarani. Majani yanapelekwa korona, yanapondwa na kukwanguliwa kwa maji mengi, singa inaanikwa, inapigwa brashi, inachambuliwa madaraja na kufungwa robota, yaani marundo yaliyokazwa, za kilo 250. Robota moja imemeza zaidi ya tani 6 za majani. Kila hatua ina mikono.

Tuchukue namba za mfano tu. Kikosi cha watu 10, siku ya saa 10. Singa waliyotoa inauzwa shilingi 320,000. Dizeli, vipuri, uchakavu wa mtambo na gharama ya kukuza mmea vimekula 120,000. Vitu hivyo havikuzaa thamani mpya. Thamani waliyokuwa nayo imehamia tu ndani ya singa. Zinabaki 200,000, na hizo ndizo zilizoongezwa na kazi ya siku ile. Kila mmoja analipwa 8,000, jumla 80,000. Baki ni 120,000, nayo ndiyo thamani ya ziada.

Gawa ziada kwa mishahara: 120,000 kwa 80,000, asilimia 150. Hicho Marx alikiita kiwango cha unyonyaji. Gawa ziada hiyohiyo kwa gharama zote, 120,000 kwa 200,000, unapata asilimia 60, ambacho ni kiwango cha faida. Mwenye mali anaitazama ya pili kwa sababu ndiyo inayomwambia fedha yake imezaa kiasi gani. Mfanyakazi anapaswa kuitazama ya kwanza. Ukizichanganya, na watu huzichanganya kila siku, utadhani shamba lenye faida ndogo halinyonyi. Linaweza kunyonya sana na bado likapata faida ndogo, kwa kuwa mtambo wake ni mkuukuu na unakunywa dizeli kama lori la mlimani.

Kwa saa hesabu inasomeka hivi: saa 4 za kwanza kikosi kinajilipa mshahara wake, saa 6 zinazobaki ni za mwingine. Lakini hakuna king'ora kinacholia saa ya nne ikiisha, na hapo ndipo ubepari unapotofautiana na ukabaila. Anayelimia bwana siku tatu na shamba lake siku nne anaona kwa macho siku ipi ni ya nani. Kibarua analipwa kana kwamba saa zote 10 zimelipiwa.

Tena hapajatokea wizi wowote. Hoja nzima ya Marx imekaa hapo, na ndiyo inayosahaulika tunapogeuza neno unyonyaji kuwa tusi la kumpiga tajiri mbaya. Mwajiri amenunua nguvukazi, yaani uwezo wa kufanya kazi kwa siku moja, kwa bei yake ya sokoni: unga, dagaa, mafuta ya taa, pango, nauli. Alichokitumia ni kazi yenyewe, na kazi ya siku inazaa zaidi ya gharama ya kumlisha mfanyakazi siku hiyo. Tajiri mcha Mungu anayelipa kwa wakati anapata ziada kwa njia ileile kama tajiri dhalimu. Dhalimu anaongeza tu wizi juu yake.

Wala zile 120,000 haziingii mfuko mmoja. Benki inachukua riba, mwenye ardhi kodi yake, serikali ushuru, dalali na msafirishaji sehemu zao. Ndiyo maana mwenye shamba anaweza kulala na madeni na kulalamika kwa dhati kwamba haoni faida, na bado vibarua wake wametoa ziada kubwa. Mabepari wanagombana sana wao kwa wao kuhusu mgawo huo. Ugomvi wao usikudanganye kwamba chanzo kimebadilika.

Kuna ufa katika nadharia hii, na msomaji makini anapaswa kuujua. Bei za sokoni hazilingani moja kwa moja na saa za kazi, hasa pale sekta moja inapotumia mashine nyingi na nyingine mikono mingi. Wachumi wamebishana juu ya jambo hilo tangu juzuu ya tatu ya Das Kapital ilipotoka mwaka 1894, na ubishi haujaisha. Mwaka 1982 mchumi John Roemer alijaribu kuikwepa nadharia ya thamani kabisa kwa kuuliza: kundi hili likijitoa na fungu lake sawa la mali zote, litakuwa na hali bora kuliko sasa? Na lile jingine litakuwa na hali mbaya zaidi? Kama majibu yote ni ndiyo, la kwanza linanyonywa na la pili. Tutalitumia swali hili mbele kidogo.

Malipo kwa mzigo

Wakataji wa mkonge kwa kawaida hawalipwi kwa saa. Wanapewa ngwe, yaani kiasi cha kazi ya siku, na malipo yanafuata idadi. Kwa juu juu inaonekana mtu anajilipa mwenyewe: kata sana, pata sana. Ukiikokotoa utaona ni mshahara wa siku uliovalishwa nguo nyingine. Mnyapara anakadiria kwamba mkataji wa kawaida anafikisha mizigo 80, yaani majani 2,400. Mshahara wa siku ni 8,000. Basi bei ya mzigo ni shilingi 100.

Sasa vijana wenye nguvu wanaamka mapema na kumaliza saa sita mchana. Wengine wanaongeza mizigo na kuchukua 10,000. Msimu unaofuata ngwe inapandishwa hadi mizigo 100, na ukigawa 8,000 kwa 100 bei ya mzigo ni shilingi 80. Yule aliyekuwa akipata 10,000 kwa mizigo 100 sasa anapata 8,000 kwa mizigo ileile, majani 3,000, na mzee aliyekuwa akifikisha 80 kwa jasho sasa anaondoka na 6,400. Hakuna aliyeamrisha mishahara ipunguzwe. Kasi ya wepesi imegeuzwa kipimo cha wote.

Kinachoharibika kingine ni ubora. Mkataji wa kukimbizana na idadi anakata majani machanga yasiyofikia urefu, na singa fupi inashuka daraja. Au anakata kupita kiasi na kuuacha mmea na majani machache mno ya kuukuza. Mkonge unakatwa kwa miaka mingi kabla haujatoa mlingoti wa maua na kufa, kwa hiyo hasara ya leo inaonekana baada ya misimu kadhaa, mnyapara mwingine akiwa kazini. Shamba linajibu kwa kuweka wasimamizi na makato ya faini. Marx alilieleza hili kwenye sura yake ya malipo kwa kipande: mfumo huu unamfanya mfanyakazi ajisimamie mwenyewe, na kwa kuwa malipo kamili yanadai kazi yenye ubora wa wastani, makato ya ubora yanakuwa mlango mwingine wa kupunguza ujira.

Njia nyingine za kukuza ziada ni mbili. Ya kwanza ni kurefusha siku, na hiyo inagonga ukuta wa mwili wa binadamu na sheria. Ya pili ni kufupisha zile saa 4 kwa mashine bora au kwa chakula kuwa rahisi. Bandari ya Tanga inaonyesha upande wa mashine. Kwa miongo mingi meli kubwa zilitia nanga mbali kwa sababu ya kina kifupi, na shehena ikaletwa gatini kwa matishari, ikishikwa mara mbili. Gati lilipoongezwa kina na meli kuanza kufunga pale pale, mkono mmoja wa kazi ukaondoka. Nchi inanufaika na gharama kushuka. Kuli aliyekuwa akiishi na ule mshiko wa pili anaingia kwenye jeshi la akiba la wasio na kazi, na uwepo wake getini unamfundisha aliyebaki ndani asidai sana.

Anayemlisha mfanyakazi

Rudi kwenye shilingi 8,000. Nani amesema zinatosha? Manamba waliandikwa kama wanaume wapweke. Ujira ulipigiwa hesabu ya kumlisha mtu mmoja kwa muda wa mkataba. Mke, watoto, wazazi na uzee wake vilibebwa na shamba la nyumbani, mamia ya kilomita za miguu na treni kutoka Tanga. Mwanasosholojia Harold Wolpe alilieleza hili kwa Afrika Kusini mwaka 1972, na mwanaanthropolojia Claude Meillassoux kwa Afrika kwa jumla mwaka 1975: kijiji hakikuwa masalia ya zamani yaliyosubiri kumezwa na ubepari. Kilikuwa kinalipa sehemu ya mshahara. Kazi ya mwanamke aliyebaki Songea na jembe ilikuwa ndani ya kila robota iliyopakiwa Tanga, bila kuandikwa kwenye daftari lolote.

Nadharia hii inasahihisha kosa kubwa la Umaksi wa kukariri, ule unaomtafuta mfanyakazi kiwandani tu na kumwona mkulima kama mtu wa tabaka lililochelewa. Mtu yuleyule anaweza kuwa kibarua kiangazi na mkulima masika. Ukimuuliza yeye ni nani atakwambia mkulima. Ukifuata fedha ya ada ya mtoto utakuta imetoka kwenye kibarua.

Upande wa mjini sehemu hiyo inafanywa na mama lishe. Sahani yake ya ugali na dagaa karibu na geti la kazi ni rahisi kwa sababu hajilipi saa za kuamka usiku, binti anayeosha vyombo halipwi au analipwa kidogo, na kuni au mkaa ameupata kwa kukopa. Chakula rahisi kinauwezesha ujira mdogo kutosha. Kwa hiyo mama lishe, ambaye takwimu zitamwita mjasiriamali, anachangia faida ya mwajiri ambaye hajawahi kumwona. Wanaharakati wa wanawake kama Mariarosa Dalla Costa na Selma James walilipigia kelele jambo hili mwaka 1972 wakizungumzia kazi ya nyumbani, na kwetu linasomeka wazi kuliko Ulaya, maana hapa jiko lenyewe liko barabarani.

Mwenye mali akiwa serikali

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwaka huohuo mashamba mengi makubwa ya mkonge yakataifishwa. Hesabu inayotajwa kila mara ni hii: uzalishaji wa Tanzania ulifikia karibu tani 230,000 mwaka 1964, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umeporomoka hadi kama tani 20,000. Wapinzani wa ujamaa huishia hapo: serikali haijui kulima. Watetezi wake hukimbilia kamba za plastiki zilizoangusha bei ya dunia kuanzia miaka ya 1960. Zote mbili ni sababu za kweli, na bei ilianza kuanguka kabla ya utaifishaji. Lakini hakuna kati ya hizo inayojibu swali la tabaka.

Swali hilo lilijibiwa na msomi wa sheria Mtanzania, Issa Shivji, katika kitabu chake cha 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka nchini. Kubadilisha jina kwenye hati si sawa na kubadilisha uhusiano wa kazini. Kibarua aliendelea kupewa ngwe, mnyapara aliendelea kuhesabu mizigo, na ziada iliendelea kwenda mahali ambapo mkataji hana kauli. Aliyeamua sasa ni meneja wa shirika na wakubwa wa wizara, kundi alilolitambua kama mabwanyenye warasimu: hawamiliki, lakini wanatawala mali na kula kutokana nayo. Azimio lenyewe lilikuwa limehisi hatari hiyo. Sifa za uongozi zilimkataza kiongozi kuwa na hisa, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya binafsi, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Masharti hayo yalilegezwa na kikao cha CCM kilichofanyika Zanzibar mwaka 1991, kabla ya wimbi kubwa la kuuza tena mashamba kwa watu binafsi mwishoni mwa miaka ya 1990, na mfuatano huo unastahili kuangaliwa.

Kwa maoni yetu Shivji ana nguvu zaidi anapoeleza nani aliamua kuliko anapowaita warasimu tabaka kamili. Tabaka hurithisha. Meneja wa shirika la umma aliyestaafu alipoteza gari, nyumba na dereva siku moja. Alichoweza kurithisha ni elimu ya watoto na majina ya watu wa kuwapigia simu, na hapo chombo cha mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu kinasaidia kuliko cha Marx: mtaji wa elimu na wa kujuana, ambao unaweza kugeuzwa fedha baadaye na kurudi tena.

Pikipiki

Turudi Makorora. Chini ya utaratibu wa hesabu, kijana analeta, tuseme, 10,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Kwa wiki nne ni 240,000. Pikipiki ya shilingi milioni 3 imelipwa kabisa kwa miezi 12 na nusu. Mwezi wa 13 hesabu haipungui. Chini ya mkataba, kijana analeta kiasi kile au zaidi kwa muda waliokubaliana, kisha kadi inahamia kwake.

Tumia swali la Roemer. Madereva wote wakijitoa na fungu lao sawa la pikipiki, wanabaki na 240,000 zao kila mwezi; wenye pikipiki wanabaki na vyombo vinavyohitaji mtu wa kuviendesha. Jibu liko wazi kwa mtindo wa hesabu. Kwa mkataba linategemea mambo matatu ambayo hayasemwi siku ya makabidhiano: nani analipia tairi, oili na injini, nani anabeba hasara pikipiki ikikamatwa au ikigongwa, na nini kinatokea kijana akikwama mwezi wa 11. Kama chombo kinarudi kwa mwenyewe bila kurudisha chochote cha malipo yaliyopita, mkataba ni hesabu yenye ahadi juu yake.

Halafu kuna deiwaka, anayepewa chombo saa za jioni na dereva aliyepewa na mwenye chombo. Dereva wa kwanza ananyonywa na kunyonya siku moja. Mwanasosholojia Erik Olin Wright aliziita nafasi za namna hii nafasi zenye ukinzani ndani yake, na aliwaweka humo mameneja na wasimamizi. Ukizikataa nafasi hizi na kulazimisha kila mtu awe bepari au mfanyakazi, uchambuzi utakwama kwenye kijiwe cha kwanza utakachofika.

Kwa nini watu hawaungani

Mwanasosholojia Mjerumani Max Weber, ambaye maandishi yake makuu yalitoka 1922 baada ya kifo chake, alitenganisha tabaka na hadhi. Tabaka linatokana na unachoweza kupeleka sokoni. Hadhi ni heshima unayopewa: ukoo, dini, elimu, mtaa. Tanga ya kikoloni ilizipanga hadhi hizo kwa ramani, Raskazone ya Wazungu, Uhindini, kisha Ngamiani na barabara zake za namba. Karani Mwafrika na kuli Mwafrika walikuwa na nafasi tofauti sokoni lakini sheria ileile iliwafungia milango ileile, ndiyo sababu siasa za uhuru ziliwaunganisha kirahisi na uhuru ulipopatikana wakaachana kirahisi.

Kambini, manamba mara nyingi walilazwa kwa makabila na kusimamiwa hivyo. Bandarini watu walikutana kila alfajiri langoni, wakijuana kwa sura na kwa ujira. Mwaka 1939 makuli wa Tanga waligoma na mgomo ukasambaa kwa wafanyakazi wengine wa mji. Mahali pa kazi palikuwa pamewafundisha kitu ambacho hotuba haifundishi haraka.

Mwanamapinduzi Antonio Gramsci, akiandika gerezani Italia kuanzia 1929, aliuliza kwa nini wanyonywaji wanaukubali mfumo bila bunduki kuwekwa shingoni kila siku. Jibu lake ni kwamba mtazamo wa wenye nguvu unageuka kuwa akili ya kawaida ya wote. Kwetu ipo kwenye midomo: mvumilivu hula mbivu, humwambia mkataji asubiri. Ila akili hiyo haijaziba kila tundu, na methali zetu zinabishana zenyewe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, imetumika kwenye vikao vya wafanyakazi vilevile.

Mkulima mdogo na korona

Kesi ngumu kuliko zote iko mkondo wa sasa wa zao hili, ambapo wakulima wadogo wanalima vitalu vyao na kupeleka majani kwenye korona wasiyoimiliki, wengi wakiwa wanachama wa AMCOS, vyama vya ushirika vya mazao. Kwa vipimo vya juu huyu si kibarua: ana mkonge wake, anaajiri wakataji msimu wa kukata. Lakini jani lililokatwa halingoji. Linatakiwa lisindikwe ndani ya siku moja au mbili, likichelewa utomvu unakauka na singa inabadilika rangi na kushuka daraja. Hapo kauli imehama kwa mwenye mtambo, hata kama ardhi na mmea ni vya mkulima. Korona ikiharibika, hasara imelala barabarani kwenye mizigo ya majani 30, na si ya mwenye korona.

Ndiyo maana kwenye mkataba wa namna hii bei ya kilo ni jambo la mwisho kusoma. La kwanza ni nani anapima na mbele ya nani, na kama malipo yanafuata uzito wa jani au wa singa kavu. La pili ni nani anachambua madaraja baada ya brashi. La tatu ni makato ya usindikaji, usafiri na mkopo wa mbegu yanakatwa kabla au baada ya mauzo, na kama mkulima anaonyeshwa bei robota ilipouzwa. La nne ni siku ngapi zinapita kati ya kupeleka jani na kupokea fedha, kwa sababu katika siku hizo mkulima anaukopesha mtaji wake kwa kampuni bila riba, huku wakataji wake yeye wakitaka kulipwa Jumamosi.